Uzoefu wangu na programu ya shajara ya ukoo: kisanduku cha nchi ya kuzaliwa

Nimeitumia programu hii ya shajara ya ukoo kwa miezi tisa, kwenye simu na kwenye kompyuta, nikiwa hapa Tanga, na hadi sasa nimekwisha kuingiza majina 64 ya watu wa nyumba yetu, kuanzia baba yake bibi hadi vilembwe wake. Ada yake ni shilingi 18,000 kwa mwezi, nayo hulipwa kwa simu bila usumbufu. Siitaji kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza si yake peke yake. Nimeikuta pia katika vitabu na hifadhidata nyingine za wasifu nilizozoea kuzitumia. Kasoro yenyewe inahusu namna ya kuandika mahali alipozaliwa mtu ambaye nchi yake, siku aliyozaliwa, ilikuwa mikononi mwa wageni.

Mambo mengine niyapitie kwa haraka. Kiswahili chake ni safi, picha za zamani hupanda vizuri hata mtandao ukiwa dhaifu, na chati huchapika kwenye karatasi kubwa bila majina kukatika. Kuna pia sehemu ya wasifu wa watu mashuhuri, ambayo programu huichukua kama kielelezo inapojaza mahali na nchi. Sehemu hiyo ndiyo iliyonifanya niilipie, kwa sababu ninafundisha historia katika shule ya sekondari na nilitaka wanafunzi wangu waitumie.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Chumbageni. Cheti cha kuzaliwa hana wala hajapata kuwa nacho. Tulicho nacho ni msahafu wa baba yake, ambamo upande wa ndani wa jalada mzee yule ameandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu na kwa lugha ya Kiswahili, jina la binti yake, kisha "Tanga, Chumbageni", kisha Mfunguo Sita (Rabiul Awal), mwaka 1335 wa Hijria. Wino umefifia ukawa rangi ya chai, na tarakimu ya mwisho imeliwa nusu na wadudu, lakini shangazi, ambaye ndiye mtunzaji wa msahafu huo, ameisoma tangu utotoni na hana shaka nayo. Mfunguo Sita wa mwaka huo uliangukia kati ya siku za mwisho za Desemba 1916 na siku za mwisho za Januari 1917. Niliandika Januari 1917, nikaandika Tanga, na kabla sijagusa kisanduku cha nchi, programu ikakijaza yenyewe: Tanganyika.

Nilisita hapo. Januari 1917 hapakuwa na nchi iliyoitwa Tanganyika. Hilo lilikuwa jina la ziwa lililo magharibi, na Waingereza walilipa eneo hili jina hilo mwaka 1920. Jeshi lao lilishindwa vibaya katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, likarudi na kuuingia mji Julai 1916. Tangu siku hiyo hadi mkataba wa Versailles ulipoanza kutumika Januari 1920, Tanga kisheria ilikuwa bado sehemu ya koloni la Wajerumani, huku ikishikiliwa na jeshi la Waingereza. Bibi yangu basi alizaliwa katika mji uliokaliwa kijeshi kwa maana kamili ya neno hilo, mji ambao mkoloni mmoja ameunyang'anya kwa mkoloni mwenzake, na wenye mji hawakuulizwa na yeyote kati ya hao wawili. Hayo yote yalifichwa na neno moja lililojijaza.

Kwa baba yake bibi kosa lilikuwa kubwa zaidi. Wazee walituambia kwamba alizaliwa mwaka vita vya Abushiri vilipoanza, yaani 1888, nayo programu ikaandika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka ule pwani yetu ilihesabiwa kuwa ya Sultani wa Zanzibar, na Kampuni ya Wajerumani ilikuwa ndiyo kwanza imekodishiwa madaraka ya kuiendesha. Mapatano hayo na jeuri ya watu wa kampuni ndiyo yaliyowasha vita. Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani Desemba 1889. Baada ya hapo, mwaka 1890, Ujerumani ikamlipa Sultani marki milioni 4 ili pwani iwe yake, na mwaka 1891 serikali yenyewe ikachukua utawala kutoka kwa kampuni. Kumwandikia mtoto wa 1888 kwamba alizaliwa katika koloni la Wajerumani ni kuwapa ushindi kabla vita havijapiganwa.

Chati ya kwanza niliichapisha kabla sijayaona haya yote, nikaibandika sebuleni siku ya Idi, ndugu walipokusanyika. Ilisomeka hivi: baba yake bibi, Afrika Mashariki ya Kijerumani, bibi, Tanganyika, baba, wa mwaka 1943, Tanganyika ya Uingereza, mimi, wa 1968, Tanzania. Mji haukutajwa kwenye chati, kwa sababu programu hubana nafasi na kubakiza nchi peke yake. Mtoto wa mdogo wangu, mwenye miaka kumi, alisimama mbele yake kwa muda, kidole kikipanda na kushuka, kisha akaniuliza: "Baba mkubwa, kwa hiyo asili yetu ni Ujerumani?" Sote wanne waliokuwa kwenye safu ile tumezaliwa mtaa mmoja, na watatu wetu katika nyumba moja, ila mtoto hakuwa na njia ya kulijua hilo kwa kuitazama karatasi.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, la heshima na fupi: "Ndugu mteja, mfumo wetu hutaja nchi iliyokuwa ikitawala wakati wa kuzaliwa." Ni kanuni inayoeleweka, nami ningeweza kuishi nayo lau ingefuatwa. Nikafungua sehemu ya watu mashuhuri nikaijaribu. Kaja Kallas, mwanasiasa wa Estonia aliyezaliwa Tallinn mwaka 1977, wakati mji huo ulipotawaliwa na Umoja wa Kisovyeti, ameandikiwa Estonia. Marie Curie, mwanasayansi aliyezaliwa Warsaw mwaka 1867 chini ya Dola la Urusi, ameandikiwa Poland. Abdulrazak Gurnah, mwandishi aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, ameandikiwa Tanzania, nchi ambayo ilikuja kuwapo baada ya muungano wa 26 Aprili 1964, na jina lenyewe likapatikana miezi michache baadaye. Shaaban Robert wetu, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui hapa Tanga, mwaka 1909, ameandikiwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Watu wanne, kanuni mbili, na kanuni kali ikamwangukia mshairi wa Tanga peke yake.

Nataka kuwa mwadilifu hapa, maana kila mfano una hoja yake. Waestonia walitangaza dola yao mwaka 1918, Urusi yenyewe ikaitambua kwa mkataba wa Tartu mwaka 1920, na Umoja wa Kisovyeti ulipoivamia na kuimeza mwaka 1940, Marekani ilitangaza Julai ya mwaka huohuo kwamba haiutambui unyakuzi huo, ikashikilia msimamo huo hadi uhuru uliporudi mwaka 1991. Mwenye kuandika "Tallinn, Estonia" kwa mtoto wa 1977 anasema kwamba dola haikufa, ila ilikaliwa. Mwenye kuandika jina la jamhuri ya Kisovyeti anasema kwamba ndiyo iliyoandikisha vizazi na kutoa pasipoti. Wote wawili wana ukweli mkononi, na ndiyo maana wahariri wa kamusi elezo wamebishana sana juu ya nchi zile tatu za Baltiki. Tanga ya 1909 haikuwa hivyo. Hapakuwa na dola yenye jina la Tanzania iliyovamiwa, na sitamdai mhariri aandike kana kwamba ilikuwapo. Ninachodai ni kwamba kutokuwapo kwa dola ya jina hilo kusiwe sababu ya kuufuta mji, kwa sababu mji ulikuwapo, wenye misikiti, masoko na majina ya mitaa, kabla ya bendera ya Mjerumani na baada yake.

Vitabu vikubwa vimekwisha kuonyesha njia mbili nzuri. Britannica huandika mji na dola ya wakati ule, kisha katika mabano huongeza kwamba sasa ni mahali fulani; ndivyo Immanuel Kant anavyosomeka kuwa wa Königsberg, Prussia, sasa Kaliningrad, Urusi. Tuzo ya Nobel humwandikia Marie Curie Warsaw, Dola la Urusi, sasa Poland. Msomaji wa maandishi kama hayo hadanganyiki upande wowote. Njia ya pili, ambayo naiona bora zaidi kwa kompyuta, ni ile ya Wikidata, hifadhidata huria ya mtandaoni, ambako mahali pa kuzaliwa ni mji au kijiji chenyewe chenye namba yake ya utambulisho, na nchi ni taarifa ya mji huo inayoweza kuwekewa mwaka wa kuanza na mwaka wa kukoma. Mtu anabaki amezaliwa Tanga. Watawala ndio wanaopangwa kwa miaka chini ya Tanga.

Programu yangu imefanya kinyume chake, na athari yake si ya heshima tu bali pia ya kazi. Ndugu wa upande wa mama alizaliwa Lushoto mwaka 1911. Programu ikabadilisha Lushoto kuwa Wilhelmstal, jina ambalo Wajerumani waliupa mji ule, na tangu hapo nikitafuta "Lushoto" jina lake halitokei. Ilinichukua jioni nzima kumpata. Hebu fikiria mwanafunzi asiyejua kwamba Wilhelmstal ndiyo Lushoto.

Hata hivyo simuungi mkono mtu anayesema tuyafute majina ya watawala na kuandika Tanzania kila mahali. Jina la mtawala lina kazi, kwa kuwa ndilo linalomwonyesha mtafiti pa kwenda: kumbukumbu za Wajerumani ziko Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa na nyingine ziko Berlin, za Waingereza zinatafutwa pia London, na asiyejua nani alishika daftari mwaka fulani atapoteza muda na nauli. Tena tarehe zenyewe ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama 13 Aprili 1922, na hati ya Shirikisho la Mataifa iliyowapa Waingereza udhamini wa Tanganyika ni ya 20 Julai 1922. Kitabu kinachosema kwamba alizaliwa "katika eneo la udhamini" kimekosea kwa miezi mitatu. Kinachosema "Butiama, Tanganyika" kiko sahihi. Mambo kama haya hayawezi kujazwa na mashine iliyopewa orodha ya nchi na miaka isiyo na siku wala mwezi, nayo bado inadai kuwa ni rejea.

Nimewaandikia tena, safari hii nikiambatisha jedwali la tarehe za Tanga tangu 1888 hadi 1964, na picha ya ule ukurasa wa msahafu, ambayo shangazi aliridhia niipige kwa sharti kwamba majina yafunikwe. Wamejibu kwamba wamepokea na watapeleka kwa mafundi. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Nyota mbili nimezizuia kwa sababu ya kisanduku hiki, nami nitazirudisha kwa furaha siku kitakaporekebishwa, maana kwa mengine yote sijaona programu ya Kiswahili inayoikaribia.

Wakati nasubiri, nimezima ujazaji wa nchi, nikaandika kwa mkono mtaa na mji katika kisanduku cha mahali, na mtawala nikamweka katika sehemu ya maelezo pamoja na mwaka. Kwa bibi nimeandika hivi: "Chumbageni, Tanga. Mfunguo Sita 1335. Mji ulikuwa chini ya jeshi la Uingereza; koloni la Ujerumani kisheria." Chati mpya niliichapisha steshenari ya karibu na stendi, nikampelekea shangazi. Aliivalia miwani, akafuata kwa ukucha neno Chumbageni likijirudia mara nne kushuka chini, akaagiza ile ya zamani iondolewe ukutani.

Kwa anayetaka kununua: uzime ujazaji huo kabla hujaingiza jina la kwanza. Umo katika mipangilio, chini ya tarehe na mahali, mstari wa tatu. Ukichelewa, majina yaliyokwisha kujazwa hayajirekebishi yenyewe na itakubidi ufungue moja moja. Mimi nilifungua yote 64.