Antena ya redio kwenye Land Cruiser: ifungwe wapi?

Mwezi uliopita nilifungiwa antena mpya kwenye ngao ya mbele, hapa hapa Arusha. Muuzaji akaniapia: "Mama, hii inashika mpaka Seronera, katikati ya Serengeti." Siku ya tatu dereva wangu yuko chini kreta, Ngorongoro, anamwita mwenzake ng'ambo ya Ziwa Magadi, anaambulia mkwaruzo mtupu. Wageni wake wakamkosa faru. Redio nzima, waya mzima. Tulipofungua breketi tukakuta ngao imepakwa rangi nene, antena haijagusa chuma hata kidogo. Haina athi, yaani haijaungana na bati la gari.

Watu wanauliza urefu, wanauliza wati, athi hawaiulizi. Antena ya robo wimbi, yaani fimbo yenye urefu wa robo ya wimbi la redio, ni nusu tu ya antena, nusu ya pili ni bati la gari lenyewe. Isipoligusa, nguvu inarudi kwenye redio na inaweza kuiunguza. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza nati, kisha paka grisi kutu isije.

Kwangu nafasi ya kwanza ni katikati ya paa la bati, juu ya dereva, kwa sababu bati limeizunguka na mawimbi yanatoka karibu sawa kila upande. Nanunua antena ya Larsen yenye kitako cha NMO, kile kinachofungwa kwenye tundu la bati, na kwa hilo sibembelezwi: tundu la milimita 19, mpira unaozuia maji, na fimbo unaifungua kwa mkono kabla ya kuingia msitu wa Manyara. Ila magari yetu mengi yana paa la faiba la kunyanyuka, na faiba haina athi. Hapo tafuta antena ya nusu wimbi isiyotegemea bati.

Ya pili ni ukingo wa boneti, juu ya madigadi, kwa breketi ya chuma. Inasikika zaidi upande ambao bati limeenea, lakini matawi ya migunga ya Tarangire hayaifikii kirahisi.

Ngao ni ya tatu. Kabini inaikinga kwa nyuma, na mtikisiko wa barabara ya Naabi unakata waya.

Ya sumaku haishiki faiba, na vumbi chini yake linachuna rangi. Basi.

Kinachoniuma ni wauzaji. Antena bei yake, kitako bei yake, waya bei yake, tena wanataja dola kwa Mtanzania mwenzao! Na fimbo wanakata urefu mmoja kwa wote, wakati kila kampuni ina masafa yake kwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Hesabu ni nyepesi: 7,500 gawanya kwa megahezi zako, unapata sentimita za robo wimbi. Kwa megahezi 150 ni sentimita 50. Mita ya SWR, ile inayoonyesha nguvu inayorudi kwenye redio, hawana, au wanayo kabatini. Mimi sasa silipi mpaka nione sindano iko chini ya 1.5, boneti imeshushwa na milango yote imefungwa.