Ruta ya nyumbani: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiulizia ruta Kariakoo, muuzaji atakuhesabia antena. Mwache ahesabu, wewe igeuze, utazame matundu ya nyuma. Moja limeandikwa WAN, ndimo intaneti inamoingilia. Yenye LAN ni ya kompyuta, runinga na kamera za humo ndani. Cha kumuuliza ni kasi ya matundu hayo: ni ya gigabiti (megabiti 1,000 kwa sekunde) au ya megabiti 100?

Kwangu ya kwanza ni TP-Link Archer C6. Matundu yote matano ni gigabiti, na ina Wi-Fi ya 2.4 GHz inayopenya kuta na ya 5 GHz yenye kasi kwa aliye karibu. Wenye faiba, yaani intaneti ya waya inayofika hadi nyumbani, ndiyo yao. Ila kuna mtego: kisanduku alichofunga fundi wa kampuni mara nyingi nacho ni ruta. Ukichomeka ya pili hivihivi, nyumba inakuwa na mitandao miwili; simu iko huku, printa kule, hazionani. Ingia kwenye mipangilio ya ruta mpya, chagua "Access Point", yaishe. Kama fundi amekigeuza kisanduku kuwa daraja tu, kinapitisha intaneti bila kuwa ruta, na kampuni inatumia PPPoE (njia ya kuingia mtandaoni kwa jina na nywila), chagua PPPoE upande wa WAN, ujaze jina na nywila walizokupa. Ukiiacha kwenye "Dynamic IP", yaani ingoje kupewa anwani bila kutoa jina wala nywila, utasubiri mpaka kesho.

Ya pili ni Archer MR600, kwa mitaa ambayo faiba haijafika. Unatia laini ya 4G, basi. Faiba ikifika, tundu mojawapo linatumika kama WAN. Hizi za laini, hakikisha haijafungiwa mtandao mmoja.

Ya tatu ni ile uliyopewa na kampuni. Nyumba ya vyumba viwili inatosha kabisa, badilisha tu nywila iliyobandikwa chini.

Ya mwisho, TL-WR841N. Bei yake inavutia, lakini matundu ni ya megabiti 100 na Wi-Fi ni 2.4 GHz pekee. Kwa kifurushi cha megabiti 20 hutalalamika. Cha 200, unalipia kasi usiyoiona.

MikroTik nimeziacha makusudi. Ni ruta nzuri mno, kwa anayependa kushinda kwenye mipangilio.

Bakiza hela ya UPS ndogo, betri ya kuiendesha ruta umeme ukikatika. Soma volti na ampea kwenye adapta kwanza, kisha chukua yenye njia mbili za kutolea umeme, maana kisanduku cha faiba nacho kikizimika, ruta itawaka bure.