Mercy, Mercy, Mercy! ya Cannonball Adderley: wasikilizeni na watu waliokuwemo

Mimi ni fundi mitambo, kazi zangu ni harusini na kanisani, na kinachonipa taabu kuliko vyote ni sauti ya watu. Ukiipandisha mno inameza muziki. Ukiifuta, bendi inapigia kuta. Ndiyo maana albamu hii ya jazi ya Cannonball Adderley, mpiga saksafoni wa Marekani, siichoki.

Jalada linasema ilirekodiwa mbele ya watu kwenye ukumbi wa The Club, Chicago. Sivyo. Ilirekodiwa Oktoba 1966 katika studio ya Capitol, Hollywood. Prodyuza David Axelrod aliita watu, wakafunguliwa baa ya bure, bendi ikawapigia mlemle studio. Chicago ilitajwa ili kumtangazia biashara mwenye ukumbi, rafiki yake Cannonball. Hapo siwatetei, mnunuzi alistahili kuambiwa kweli. Ila watu unaowasikia ni watu hasa, wako chumba kimoja na wapigaji, na maiki ni za studio. Besi ya Victor Gaskin unaifuata noti kwa noti.

Chukua wimbo uliobeba jina la albamu. Cannonball anatanguliza maneno kuhusu shida zinazomkuta mtu hajajiandaa, kisha Joe Zawinul, aliyeutunga, anaingia na kinanda cha umeme cha Wurlitzer. Saksafoni haipigi solo kabisa! Inashika melodi tu pamoja na koneti, tarumbeta fupi, ya Nat, mdogo wake Cannonball, na melodi ikipanda watu wanaitikia kama wako ibadani. Wakiitikia, bendi nayo inakolea. Niliwahi kuombwa nibandike makofi kwenye rekodi ya kwaya. Yalikaa kwa wakati wake vizuri tu, ila waimbaji hawakuwa wameyasikia walipokuwa wanaimba, na inajulikana.

Wimbo huo ulifika namba 11 kwenye chati ya Billboard ya Marekani mwaka 1967, ukaleta na Grammy. Lakini anayemtaka Cannonball mwenyewe aanze na "Fun", halafu "Sack O' Woe", dakika kumi na ushee, saksafoni yake ya alto ikiwa imejaa bluzi na Roy McCurdy kwenye dramu hampi nafasi ya kupumzika. "Sticks" ni fupi, inapita. "Hippodelphia" sijaipenda bado.

Msiisikilize kwa spika ya simu. Besi yote inapotea, na zile sauti za watu zinabaki kuwa mchakacho tu.