Uzoefu wangu na kitabu cha Jonestown nilicholetewa bila mwisho

Nyota moja. Nasema hivyo kabla hasira haijapoa.

Kitabu ni Raven cha Tim Reiterman, habari za mhubiri Mmarekani Jim Jones na waumini wa kanisa lake, Peoples Temple, waliokufa kwa sumu kijijini kwao Jonestown, nchini Guyana. Nilikiagiza kwa muuzaji wa vitabu vya mitumba Nairobi, miezi kadhaa sasa, kikaja na basi hadi huku Malindi, na pesa ya mzigo nikalipa juu yake. Tangu yale ya Shakahola mwaka 2023, waumini wa mhubiri mmoja walipofunga hadi kufa na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni hapa karibu yetu, nimechoka kusikia watu wakisema wale walikuwa wajinga tu. Jirani yangu wa mlango wa pili alipoteza ndugu yake kule. Fundi cherehani, mtu wa hesabu zake, hakuwahi kumdhulumu mteja hata kitambaa cha upana wa kiganja. Mjinga gani huyo? Nilitaka kuelewa.

Nikasoma kila usiku watoto wakishalala. Kitabu hakikimbilii sumu, na hilo nililipenda. Kinaanza mbali, Indianapolis ya miaka ya 1950, mhubiri mzungu anawaketisha weusi na weupe benchi moja wakati makanisa mengine hayataki. Wazee wanapata chakula. Mwaka 1961 mji wenyewe unampa kuongoza tume yake ya haki za binadamu. Mama mweusi aliyedharauliwa tangu kuzaliwa anaingia mahali anaitwa dada, anashikwa mkono. Mimi ningeingia. Kisha pole pole: matumbo ya kuku yanaonyeshwa waumini kuwa ni saratani iliyotolewa mwilini, watu wanachapwa mbele ya mkutano, nyumba zinauzwa na pesa zinakabidhiwa. Halafu msitu wa Guyana, na pasipoti zimechukuliwa. Hakuna siku moja ambayo mtu aliambiwa, leo njoo ufe.

Nikafika usiku wa tarehe 17 Novemba 1978. Mbunge Leo Ryan amekuja kutoka Marekani na waandishi wa habari, muziki unapigwa, watu wanashangilia bila kukoma. Nikageuza ukurasa. Gamba la nyuma!

Gundi ilikuwa imekauka ikawa kama ngozi ya samaki, na kurasa zote za mwisho zimenyofoka, zimebaki nyuzi tu. Nilikung'uta hadi mfuko kiliojia. Asubuhi nikampigia muuzaji. Hakuniomba radhi. Akaniambia, "Mama, si mwisho wake unajulikana? Walikunywa sumu wakafa. Sasa wataka kusoma nini tena?" Nikamwambia, "Mwanangu, nililipia kitabu kizima." Akacheka, akakata simu. Tangu siku hiyo hapokei.

Pesa ziliniuma, sikatai. Lakini kile kicheko ndicho kilichonikaa kooni, kwa sababu ni neno lile lile analoambiwa jirani yangu sokoni. Walijitakia, wakafa, yamekwisha.

Binamu yangu aliyeko Marekani alikopa kitabu hicho maktaba, akanipigia picha kurasa zilizokosekana, akanitumia kwa WhatsApp moja moja. Nyingine kidole gumba chake kimefunika mstari. Nilizisoma hivyo hivyo, naikuza picha kwa vidole hadi simu ikapata moto.

Na huko ndiko kila kitu kilikokuwa. Kesho yake, tarehe 18, kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Port Kaituma, karibu na Jonestown, mbunge anauawa pamoja na wengine wanne. Mwandishi mwenyewe alikuwepo na alipigwa risasi, na mpiga picha aliyekuwa naye kazini, Greg Robinson, akafa. Kule kijijini watoto ndio waliotangulizwa, wachanga wakimiminiwa sumu kinywani kwa bomba la sindano, na walinzi wenye silaha wamewazunguka watu. Siku hiyo walikufa watu 918, na karibu theluthi yao walikuwa watoto. Mtoto mchanga anajitakiaje? Na yupo mama mmoja, Christine Miller, aliyesimama mbele ya wote akabisha. Akauliza kwa nini wasihamie Urusi, akasema watoto wana haki ya kuishi. Wenzake wakamzomea hadi akanyamaza.

Hizo ndizo kurasa nilizoambiwa sizihitaji.

Kitabu nacho kina kasoro. Utoto wa Jones umechukua nafasi kubwa mno, na mimi niliwataka zaidi wale bibi waliokuwa wakimpa hundi zao za uzeeni. Majina ni mengi hadi nikaandika orodha yangu kwenye daftari. Sijui, labda hapo pia ni hasira ya muuzaji inayosema. Ile nyota moja iwe yake yeye. Kitabu kipeni tano, au nne, ila kikagueni hadi ukurasa wa mwisho kabla pesa haijatoka.

Picha za binamu nilizichapisha saiba, nikazibana kwa klipu pale zilipong'oka zile za asili. Jioni jirani huja barazani nikamsomea, natafsiri nikienda. Hakusema neno siku nyingi. Juzi tulipofika kwa Christine Miller akaniwekea mkono gotini.

"Rudia hapo," akasema. "Hapo pa yule mama."