Mtawa juu ya maji: uzoefu wangu na kanuni za mwendo za Dungeons & Dragons

Nimekitumia kitabu cha mchezaji cha Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika), toleo la mwaka 2014, kwa takriban miaka miwili, tukicheza watu watano barazani kwa shemeji yangu huku Ngamiani, Tanga, na karibu kila ubishi uliotukesha ulimhusu mhusika mmoja: mtawa, yule mpiganaji wa mikono mitupu.

Hesabu yenyewe haina utata. Binadamu hutembea futi 30 kwa zamu, na mzunguko mzima huchukuliwa kuwa sekunde 6. Mtawa asiyevaa deraya wala kushika ngao huongezewa futi 10 afikapo daraja la 2 (daraja ni kiwango cha uzoefu wa mhusika), na nyongeza hiyo hukua hadi futi 30 katika daraja la 18. Futi nazo hazitutishi, maana mafundi wetu wa ujenzi bado hupimia hizo hizo.

Kasheshe huanza daraja la 9, ambapo kitabu kinamruhusu mtawa kupita juu ya kuta na juu ya maji katika zamu yake, bila kuanguka wakati wa mwendo. Msimamizi wetu, yaani anayeongoza mchezo na kuamua kanuni, alichora ghuba inayofanana na ya Raskazone, akaweka jahazi futi 20 kutoka ufukweni. Mtawa wa shemeji, mwenye futi 45 za kutumia, alikimbia juu ya maji, akampiga nahodha aliyesimama ukingoni mwa jahazi, kisha akataka kurudi nchi kavu kwa futi 20 nyingine. Kanuni zinakubali mwendo ugawanywe kabla na baada ya pigo. Tulichogombania ni kama mwendo unaendelea au umekatika pale ngumi inaporushwa. Shemeji aling'ang'ania neno zamu, mimi neno mwendo, na nikadai azame. Kahawa ilipoa tukibishana. Baadaye nilikiri kwamba futi zilizobaki zilikuwa bado haki yake, na kwamba gharama ilikuwepo tayari, kwani hakuwa na pointi ya ki (akiba ya nguvu za ndani ambayo mtawa huitumia kwa mbinu zake) ya kujinasulia, hivyo nahodha alipata nafasi ya kumpiga alipokuwa akimpa kisogo. Angemalizia zamu juu ya maji, hapo hata yeye asingekuwa na la kusema.

Kuhusu kuruka, kitabu kiko wazi kuliko wachezaji wanavyodhani: pointi moja ya ki hurudufu umbali wa kuruka, lakini kila futi unayoruka hukatwa kwenye mwendo wako.

Toleo la mwaka 2024 limemruhusu mtawa kuongeza mbio kwa kitendo cha ziada bila kulipa pointi, jambo nililolipenda. Nakipa kitabu cha 2014 nyota nne kati ya tano; nyota ya tano imezama pale karibu na jahazi, na anayekinunua leo amwombe msimamizi wake atoe uamuzi kabla mtawa hajafika daraja la 9.