Nilipeleka kifundo, wakanikata na goti: uzoefu wangu wa kupandikizwa gegedu hapa Mwanza

Goti langu la kulia lilikuwa zima. Naomba tuelewane hapo kwanza. Halikuwahi kuuma, halikuwahi kuvimba, wala sijawahi kulipeleka kwa daktari yeyote. Nililazwa kwa ajili ya kifundo cha mguu. Nilipozinduka kutoka kwenye nusukaputi nikakuta mguu una POP, ile plasta ngumu, chini na bandeji nene juu, gotini. Nikajua wamenichanganya na mgonjwa mwingine. Haki ya Mungu, nilianza kumtafuta kwa macho mle wodini huyo mwenye goti, nione kama yeye ndiye kafungwa kifundo.

Nikamwita sista.

"Samahani sista, hili goti lina nini?"

Macho hayakutoka kwenye simu. "Ndiko walikotoa gegedu." Gegedu ni lile tabaka linaloteleza linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo.

"Gegedu ya nini? Mimi naumwa kifundo."

"Sasa kaka, ulifikiri gegedu inauzwa Mwaloni?"

Akacheka. Mwenzake aliyekuwa anapanga dawa kwenye toroli naye akacheka. Mimi nauza dagaa palepale Mwaloni Kirumba, na kazi yangu imeandikwa kwenye faili, kwa hiyo msiniambie lilikuwa neno la bahati mbaya. Nimeumwa, sijala tangu usiku wa jana yake, mdomo mkavu, mguu mzima unawaka, halafu nageuzwa kichekesho cha wodi. Hospitali yenyewe siitaji. Wenyewe wakisoma watajijua.

Ugonjwa nitausema haraka. Niliteguka kipindi cha mvua nikishuka mtumbwini na gunia begani. Nikakandwa, nikapakwa kila aina ya dawa, nikameza diklofenaki mpaka tumbo likagoma. Uvimbe ukaondoka, maumivu ya ndani yakabaki, na kifundo kikawa kinakwama kama mlango wenye bawaba mbovu. Eksirei ikasema mfupa mzima. MRI ndiyo iliyoumbua: gegedu ya juu ya talasi, ule mfupa uliobanwa katikati ya kifundo, ilikuwa imebanduka, na chini yake mfupa umefanya kishimo chenye maji. Daktari bingwa akaangalia, akasema, "Hii tutapandikiza." Nikasema sawa, daktari. Goti halikutajwa. Wala siku ya kulazwa halikutajwa.

Mtasema nilisaini fomu. Ndiyo, nilisaini. Fomu ililetwa nimeshavalishwa gauni la thieta, dripu iko mkononi, niko juu ya kitanda cha magurudumu mlangoni, na mletaji anasema, "Saini hapa baba, daktari anakusubiri." Imejaa Kiingereza cha kitabibu, taa za korido zinamulika usoni, na mkono wa kuandikia ndio uliochomwa sindano. Nani husoma katika hali hiyo? Hata wakili angesaini.

Sasa nimtendee haki daktari, maana asubuhi yake alipopita raundi alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alivuta kiti akakaa. Akachana boksi tupu la glavu, akanichorea mguu kwa nyuma yake. Akanieleza kwamba gegedu haina mishipa ya damu, ndiyo maana ikichanika haijiungi yenyewe kama mfupa unavyojiunga. Jeraha likiwa dogo wanaweza kuutoboa mfupa vitundu ili damu ipande na kutengeneza kovu la kuziba, ila kovu hilo ni dhaifu kuliko gegedu yenyewe. Langu lilikuwa limeshaula mfupa, kwa hiyo viraka vya kovu visingetosha. Ndipo wakatoa goti­ni, pembeni kusikobeba sana uzito, vipande vya mviringo vya mfupa vikiwa na gegedu yake juu, wakavigongea taratibu kwenye matundu waliyoyachimba kwa kipimo kilekile kifundoni. Kufika huko ndani ilibidi wakate kwa msumeno mfupa unaochomoza upande wa ndani wa kifundo, wausogeze, wafanye kazi, kisha waurudishe na kuukaza kwa skrubu. Kumbe nina skrubu! Nalo hilo nililijulia kitandani.

Akasema njia hii ilipata umaarufu miaka ya 1990 kupitia madaktari wa Hungaria. Mimi Hungaria naijua kwa Puskás tu, yule mchezaji mpira wao wa zamani, tena kwa hadithi za mzee wangu. Nikajikuta namsikiliza mdomo wazi, hasira imepoa. Mtu anajua kazi yake, na anajua kueleza. Basi nikamuuliza: maelezo haya, daktari, jana yake yalikuwa wapi? Akageuka kumtazama sista. "Hamkumweleza?" Sista akamtazama mwenzake. Mwenzake akaenda kuangalia dripu ya mgonjwa wa pembeni.

Hapo hasira ikarudi yote.

Msidhani ninalilia adabu peke yake. Mimi nakaa Mabatini, juu kwenye mawe. Wenye kuijua Mwanza wananielewa: bajaji inakuacha chini barabarani, kinachofuata ni ngazi za mawe zisizolingana na vichochoro vya kupita mtu mmoja mmoja. Nilikuwa nimejipanga. Nilijua sitakanyaga kwa wiki sita hivi, nikanunua magongo mapema, nikafanya mazoezi ya kupandia pale kwangu mpaka watoto wa jirani wakaanza kuniigiza. Sasa kutembea na magongo bila kukanyaga kunataka ukunje goti, unyayo uwe juu. Goti lililotoka kukatwa halikunjiki! Nikilinyoosha, kisigino kinagonga jiwe, na kila kikigonga naona nyota mchana. Nilipanda ngazi chache nikakaa chini nikatokwa machozi, mtu mzima, mbele ya mama muuza maandazi.

Vijana wa mtaa ndio walionipandisha, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, wawili mbele wawili nyuma, wakipokezana. Wabeja sana, ndiyo asante ya Kisukuma, hao siwasahau. Na nikishafika juu, basi, kushuka kwenda kliniki ni msafara mwingine. Lau mtu mmoja angeniambia, "Kaka, na goti nalo litaguswa," ningeenda moja kwa moja kwa dada yangu Igoma, ambako bajaji inafika mpaka mlangoni na choo ni cha kukaa. Maana hilo la choo sijaligusia. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Fikirieni wenyewe.

Kwa hiyo kwa muda mrefu aliyeniuliza kuhusu hospitali ile nilimwambia asikanyage. Nyota moja, nayo ni ya daktari.

Ila nikisema niishie hapo nitakuwa mwongo. Kifundo kimepona. Sisemi kimepata nafuu, nasema kimepona: nasimama Mwaloni tangu alfajiri mitumbwi inapoingia mpaka mzigo unapopakiwa kwenye fuso, napita juu ya ubao kuingia mtumbwini, na ile hali ya kukwama imekoma. Kwenye MRI ya marudio daktari alinionyesha vile vipande vimeshikana na mfupa, kwa macho yangu mwenyewe sikuona mpaka wa wazi. Kwa kifundo peke yake ningewapa nyota zote na kuku juu yake.

Halafu naingia kanisani, wenzangu wanapiga magoti, mimi nimekaa kama mgeni rasmi. Goti bado linalalamika nikichuchumaa, na mawingu yakifunga upande wa ziwa ndio kabisa. Daktari anasema wengi huwa linatulia kadiri muda unavyokwenda. Naye nimeshaanza kumwamini, shida yangu ni kwamba nililazimika kumwamini baada ya kukatwa. Nyota tatu basi. Mbili na nusu. Nikimkumbuka yule sista na Mwaloni yake narudi kwenye moja.

Nilitaka kuandika malalamiko palepale. Sanduku la maoni lipo, limetundikwa karibu na dirisha la kulipia, na kufuli lake limeshika kutu. Nikaomba karatasi dirishani, nikaambiwa ninunue daftari duka la nje.

Kama una jeraha kama langu na umechoka kukandwa, daktari yule nenda, sikuzuii. Mimi mwenyewe narudi kwake. Ameniambia zile skrubu zikinisumbua zinaweza kutolewa, na zimeanza kunisumbua kwenye buti. Safari hii nimeshawatumia ujumbe: mtapitia wapi, mtagusa nini, na kuna kiungo gani kingine mnakipigia hesabu? Gauni lenu silivai mpaka nijibiwe.