Geji ya presha ya petroli ya laki na kumi: mapitio ya mtu aliyechoka kubadilishiwa spea

Nimekaa na hii geji miezi mitano sasa, nimeona niandike maana watu wananiuliza niliinunua wapi na kama inafanya kazi kweli. Jibu la haraka ni kwamba inafanya, ila ina mambo yake, na boksi lake ni takataka.

Gari yangu ni Hilux dabo kebin ya 2006, ile ya petroli, injini V6 ya lita 4.0, nilinunua mnadani baada ya shirika moja kuichoka. Natoka nayo Busia, huku Uganda, na mizigo ya duka, napita Tororo, Mbale, Sironko, alafu napanda Kapchorwa. Anayeijua hiyo barabara anajua ukishapita Muyembe ule mlima haukuonei huruma. Ikaanza taratibu, taa ya injini inawaka, inazima, inawaka tena. Alafu ikaanza kukosa nguvu mlimani, nakanyaga mafuta mpaka chini na gari inanguruma tu haivuti, inakohoa, boda yenye abiria wawili na debe la maziwa inanipita. Hapo ndo nikajua hii si mambo ya taa tena.

Kodi zilikua mbili, P0171 na P0174 (kodi za injini jamani, zile namba za hitilafu zinazotoka kwenye kompyuta ya gari, sio za URA, watoza ushuru wa Uganda). Maana yake ni kwamba pande zote mbili za injini zinapata hewa nyingi mafuta kidogo. Sasa sikia nilivyofanyiwa. Gereji ya kwanza, jina sitaji, wakasema sensa za oksijeni zimekufa, wakafunga mbili za mtumba, laki nne na nusu ikaenda. Siku tatu taa imerudi. Fundi wa pili akasema plagi na koili, tukabadilisha plagi zote sita, taa imerudi. Wa tatu alitaka moja kwa moja kuniuzia pampu ya petroli, boksi lina jina kubwa la Kijapani lakini maandishi yenyewe yamekaa kama yamechapwa na mtu aliyekua na haraka. Nikamuuliza fundi, umepima presha? Akaniambia, mzee, mimi nina miaka ishirini kwenye hii kazi, nikisikiliza pampu najua. Akaweka sikio kwenye tanki. Sikio! Nikachukua funguo zangu nikaondoka.

Ndo nikatuma kijana wa dada yangu Kampala aniletee geji. Shilingi laki na kumi, haina jina la kampuni la maana. Kuna saa yenyewe inayosoma 0 mpaka 140 psi (kipimo cha presha, kile kile cha upepo wa tairi), hosi ndefu kidogo yenye kibatani pembeni cha kutoa presha, kimpira cheupe cha kumwagia mafuta kwenye chupa, na vifungio vya shaba vya kila aina, vingine sijui ni vya gari gani mpaka leo.

Kitu cha kwanza nilifanya sikufunga kwenye gari. Nilienda kwa jamaa wa kujaza upepo pale njia panda, nikaibana hosi kwenye mpira wa kompresa na klipu, tukalinganisha na saa yake. Yake ikisema 40 yangu inasema 42, yake 30 yangu 32. Na ikiwa haijafungwa popote mshale unakaa kwenye 2 badala ya sifuri. Kwa hiyo inazidisha mbili kila mahali, hakuna shida, napunguza mbili kichwani. Ila fanya hivo kabla hujaiamini, maana kwenye injini kama yangu presha inayotakiwa ni kama 41 na ukikosea mbili tatu unaanza kulaumu kitu kisicho na kosa. Namba nitakazotaja hapa chini zote nimeshatoa hizo mbili.

Kasoro kubwa sasa. Gari nyingi za Kimarekani zina kivalvu kama cha tairi kwenye reli ya mafuta (lile bomba linalogawia nozeli petroli), unazungusha hosi unasoma. Toyota yangu haina. Inabidi ukate njia kati ya bomba na hosi ya mpira uweke ile T, kiungo cha njia tatu cha kufungia geji, na T iliyokuja na hii seti ilikua inapwaya, mara ya kwanza kuwasha swichi petroli ikachuruzika juu ya injini. Bahati injini ilikua baridi, na tulikua na ndoo ya mchanga pembeni. Nikatupa klipu zao, nikanunua klipu nzuri na kipande cha hosi ya petroli ya presha ya juu, sio ile ya maji, elfu kumi na tano zaidi. Na kabla ya kufungua chochote toa fyuzi ya pampu, washa gari mpaka ijizime yenyewe ndo ufungue. Usivute sigara. Naandika hivi kwa sababu fundi wangu alikua nayo mdomoni.

Sasa utamu wenyewe. Gari ikiwa imesimama inanguruma tu, geji ilisoma 33. Sio 41. Tukazima, tukaangalia kama inashikilia, maana Toyota wanataka baada ya dakika 5 isiwe imeshuka chini ya 21, yangu ikakaa 28. Kumbe nozeli, zile zinazopulizia petroli kwenye injini, hazivuji na ile valvu ya kuzuia mafuta kurudi iko sawa. Fundi akataka kubana bomba la kurudisha mafuta aone kama presha itapanda, kama walivyozoea kwenye gari za zamani, nikamuonyesha halipo, kwenye hii Hilux regyuleta, kile kinachodhibiti presha, iko ndani ya tanki pamoja na pampu, mafuta yanakuja mbele hayarudi.

Alafu tukatoa hosi nje ya boneti, geji tukaifunga na selotepu kwenye kioo cha mbele upande wa nje, mbele ya macho ya abiria. Hiki ndicho kitu ambacho sikio la fundi haliwezi kukupa. Tukapanda kilima na mzigo wa sukari nyuma, kijana anasoma kwa sauti: thelathini na tatu mjomba, thelathini, ishirini na sita, mjomba ishirini na mbili! Na hapo hapo gari ikaanza kukohoa. Nilicheka peke yangu kama kichaa, miezi mitatu nabadilisha spea na jibu lilikua hapo kwenye mshale.

Kile kimashine changu kidogo cha bluetooth cha kusoma kwa simu kilikua kinasema hivo hivo kwa lugha nyingine. Kompyuta ya gari ilikua inaongeza mafuta asilimia 14 ikiwa imesimama na 28 mlimani. Kama ingekua ni hewa inaingia kwenye mpira uliopasuka, ingekua kinyume chake, mbaya ikisimama na afadhali ukikanyaga. Sensa ya kupima hewa nayo ikichafuka inaweza kudanganya hivi hivi, hiyo ndo maana unahitaji geji kuzitenganisha. Yangu ilikua inasoma gramu 4 na kitu kwa sekunde ikisimama, kwa injini ya lita 4 hiyo ni kawaida.

Bas, presha iko chini, nunua pampu? Hapana. Geji inakwambia presha imeshuka, haikwambii kwa nini. Tukachukua testa, betri inasoma volti 13.8, kwenye soketi ya pampu 10.4. Pampu ilikua na njaa! Tukaweka waya mmoja wa testa kwenye ethi ya pampu na mwingine kwenye hasi ya betri, injini inawaka, ikasoma 2.6, na hapo inatakiwa karibu na sifuri. Tukafuata waya mpaka kwenye chesi, boliti moja imeoza kijani na kutu, ukiigusa unga unaanguka. Tukaipiga msasa, tukaweka grisi, ikarudi 12.9 kwenye soketi. Presha 38. Gharama, msasa wa elfu moja.

Ila 38 sio 41, na mlimani ilishuka bado mpaka 33. Kwa hiyo tukafungua bodi ya nyuma tukainua na vijana wanne, rahisi kuliko kushusha tanki, tukatoa pampu. Ile chujio ya chini, kale kasoksi, ilikua nyeusi na imejaa tope laini kama ugali wa wimbi uliolala. Hapo nakubali kosa ni langu, kuna kipindi nilikua nanunua petroli ya madumu kijijini huko juu, na lile dumu hujui jana lilibeba nini. Kasoksi kapya, tanki tukaosha, pampu ile ile ya zamani ikarudi. Geji: 41 ikisimama, 40 mlimani. Kompyuta sasa inaongeza asilimia 4 tu. Taa haijawaka tena tangu hapo.

Kwa hiyo geji naipa nne kwa tano? Hapana, tatu na nusu. Saa ni nzuri na kibatani cha kutoa presha kinafanya kazi safi, hosi haijapasuka. T ni hatari kama nilivosema, klipu ni za kutupa, bawaba za boksi zilikatika wiki ya pili, na karatasi ya maelezo ni Kichina kitupu na mchoro mmoja wa gari isiyofanana na gari yoyote. Kama gari yako ina ule mvalvu kwenye reli, nunua bila kufikiri. Kama ni Toyota ya umri wa yangu, weka bajeti ya klipu na hosi pembeni.

Na usiazimishe. Mimi nilimpa yule fundi wa sikio, akarudisha baada ya wiki mbili bila kimpira cheupe, anasema hakukiona. Sasa nakodisha, elfu tano kwa siku, na unaacha kitambulisho.